Anasema Redio Isizimwe

12 Februari

Mdogo wangu,

Nakusalimu wewe, wifi yangu, na Bosi wenu mdogo ambaye nasikia sasa anatembea na kuvunja vikombe kama aliyeajiriwa kazi hiyo. Mimi mzima. Mvua zimeanza huku, bati la chumba changu linavuja palepale, na mwenye nyumba anasema atalitengeneza kesho. Ni kesho ileile aliyoniahidi mwaka jana.

Najua utanicheka, kuandika barua wakati hata muuza karanga ana simu mbili. Simu yangu nimempa jirani. Usinipigie, atapokea yeye na atakueleza habari za kuku wake mpaka salio liishe. Siku hizi sishiki simu, basi tu. Karatasi ni nzuri, haikohoi.

Hospitali imetufanyia semina. USTAHIMILIVU BAADA YA JANGA, ndivyo kitambaa cha ukutani kilivyosema. Tumekaa kutwa kwenye ukumbi wa chakula, manesi wote tuliofanya kazi wodi ya korona, tukafundishwa kupumua. Fikiria, sisi, kufundishwa kupumua! Mwezeshaji alikuja na mpira wa raba, akaudundisha sakafuni, akasema mtu imara ni kama mpira, akiangushwa anarudi juu. Kila mmoja akapewa fulana iliyoandikwa HATUTIKISIKI. Yangu ni kubwa, nalalia. Mwishoni akauliza nani ana la kusema. Tukatazama viatu vyetu. Tukapewa soda, tukarudi kazini.

Wodi yenyewe imefungwa, wanataka kuipaka rangi iwe stoo ya vitanda. Napita mbele yake nikienda kuchukua dawa. Napita upesi, kwa sababu kazi ni nyingi.

Haya, nisikuchoshe. Wasalimie mapacha, waambie wasigombanie baiskeli. Dawa ya macho ya mama mkwe iko juu ya friji, nyuma ya birika.

Dada yako


4 Machi

Shikamoo Dada,

Sisi wazima, ila Bosi ameota jino na nyumba nzima inaliota pamoja naye. Kazi ipo. Watu walikaa sana ndani wakati ule, makochi ya mtaa mzima yamebonyea, na mimi fundi makochi nakula kwa mabonde yao.

Barua yako wifi yako aliisoma kwa sauti huku mimi nashona. Alipofika kwenye mapacha akashika tumbo lake, akaniangalia. Nikamwambia usiniangalie mimi, mwulize aliyeandika! Dada, mapacha gani? Huku yupo Bosi peke yake, na peke yake ni jeshi. Baiskeli hatuna, friji hatuna, na mama mkwe wangu unamjua, anatunga uzi kwenye sindano gizani. Nadhani ulikuwa unaandika barua mbili ukachanganya. Basi kuna mtu huko kasomewa habari za mpira wa raba, anakuna kichwa.

Kuhusu hayo ya semina, jikaze Dada. Sisi tumelelewa na fundi kufuli, mtu aliyejikata kidole na msumeno, akakifunga kitambaa na kumalizia ufunguo wa mteja. Mtaa mzima unajua nina dada chuma. Ukilegea wewe, sisi tushike nini?

Baba tunamkumbuka. Redio inalia chumbani kwake mchana na usiku. Sijui kama nilikwambia, siku zile hatukuambiana mengi. Asubuhi ile aliyofariki, nesi wa hospitali ya hapa alinipigia, akasema Baba hawezi kuongea kwa nguvu, akamwekea simu sikioni. Nikasema yangu yote. Halafu nikauliza, anasema nini? Nesi akajibu, "Anasema redio isizimwe." Basi haijazimwa. Umeme ukikatika kuna betri. Wifi yako analalamika kwamba sasa anajua bei ya mahindi ya dunia nzima. Lakini neno la mwisho la mzazi si la kuchezea.

Mdogo wako


29 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole na jino la Bosi, mpe kitu kigumu atafune, si kidole chako. Bati limetengenezwa. Nimelitengeneza mwenyewe.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Sikumbuki kuandika habari za mapacha. Lakini mapacha nawajua. Baba yao alikuwa kitanda cha dirishani.

Sikuwahi kukueleza kazi yangu ilikuwa nini mle wodini. Wenzangu walikuwa na mitungi ya oksijeni na mashine. Mimi nilikuwa mshika simu. Ndugu hawakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo mgonjwa akifika ukingoni nilipiga simu kwao, nikamwekea sikioni, nikashika mpaka mkono ufe ganzi. Nilichaguliwa kwa sababu eti nina sauti ya kutuliza. Nilizifanya nyingi, sikuzihesabu. Na kila simu, bila kukosa, mwishoni wanauliza swali lilelile uliloliuliza wewe.

Nililitoa vizuri sana hilo jibu. Nilisifiwa. Walinikalisha mbele ya kompyuta nifundishe manesi wa hospitali nyingine.

Naishia hapo. Ninachotaka kukwambia ni kingine, na usicheke. Juzi nimekwenda sokoni, muuza mboga akaniuliza nataka nini, nikamjibu, "Anasema anataka nyanya." Yule mama akatazama nyuma yangu. Nami nikageuka kutazama.

Halafu nikuulize. Baba na redio, tangu lini? Enzi zetu alikuwa hataki hata tupige mluzi. "Kufuli halifunguki kwa mkono, linafunguka kwa sikio." Si ndivyo alivyokuwa akisema?

Mke wangu, usiuze ile cherehani. Nitaamka tu. Waambie watoto nimewaachia mlango wazi.

Ni mimi mumeo


21 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku nyingi bila kujua nianzie wapi.

Yale maneno ya mwisho sikumsomea wifi yako. Aliyaona mwenyewe. Aliichukua ile karatasi akaenda nayo dirishani, akarudi akanionyesha herufi kwa kidole. Mwandiko si wako, Dada. Wako umesimama wima kama mwalimu. Ule umelalia kushoto, na wino umeburuzwa na mkono, kama wa mtu anayetumia shoto. Wewe hujawahi kutumia shoto. Baba asingekuruhusu.

Sasa nisikilize. Umechoka, basi. Lala mapema, kunywa maji, omba Mungu, jikaze. Na hayo ya jibu ulilokuwa ukiwapa watu, naomba usinieleze. Nakuomba kama mdogo wako. Kuna mambo mtu akishaambiwa hawezi kuyarudisha kwa aliyemwambia. Mimi nina redio yangu chumbani, nina neno langu la asubuhi ile, nimelikalia mpaka leo na limenibeba. Usije ukalichomoa chini yangu.

Kuhusu Baba na redio, watu hubadilika uzeeni.

Bosi anakusalimu. Jino limetoka.

Mdogo wako


16 Juni

Shikamoo Dada,

Huu ni mwezi wa pili sijapata barua. Nilimpigia jirani yako. Amenieleza habari za kuku, kweli hukunidanganya, halafu nilipomwuliza habari zako akasema, "Yupo." Akakata.

Nitakuambia jambo la kazi yangu, ulipokee kama la mjinga. Wiki hii nimeletewa kochi la mama mmoja wa hapa mtaani. Alikaa na mumewe mgonjwa juu ya kochi hilo wakati wote wa korona. Kwa nje zuri, kitambaa hakijachubuka. Nikabonyeza sponji kwa kiganja, nikangoja inyanyuke. Haikunyanyuka. Sponji haichoki siku unayoikalia, Dada. Inakubeba, inakubeba, siku moja unainuka nayo inabaki chini. Na huwezi kuiambia jikaze. Unafungua kitambaa, unatoa misumari, unaingiza mkono ndani. Nikakaa pale na misumari mdomoni nikajisikia mpumbavu, maana barua zote nilizokuandikia nimekuwa nikipiga pasi kitambaa.

Kwa hiyo lile neno langu nalirudisha. Usijikaze. Legea kabisa, tutakuokota.

Na nina la kwangu. Jumapili umeme ulikatika mchana na betri zilikuwa zimekwisha. Redio ikazima. Nyumba ikawa kimya kwa mara ya kwanza tangu Baba afe, na ndani ya chumba chake nikasikia mtu anapumua, kwa shida, kama anayepanda kilima. Nikasimama mlangoni nimeshika kitasa. Wifi yako alipokuja akaniwekea mkono mgongoni, akasema, "Baba Bosi, ni wewe." Na kweli, nilipobana pumzi, kupumua kule kukakoma.

Niandikie. Andika chochote. Hata wakiandika hao wengine, nitasoma.

Mdogo wako


30 Julai

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba, na asante kwa barua ya sponji. Ninayo chini ya mto. Nimewasomea pia wenzangu wa kazini, uniwie radhi, kwa sababu ilikuwa ya kusomwa.

Nikueleze nilipokuwa. Mwezi wa tano, saa za kazi, jua linawaka, nilikuwa napita mbele ya ile wodi iliyofungwa, nikasikia simu ya ukutani inalia ndani. Mlango ulikuwa wazi. Nikaingia nikapokea. Sikumbuki walioongea walikuwa wangapi, nakumbuka tu kwamba walipokezana. Fundi wa rangi aliyekuwa kwenye ngazi ndiye aliyenikuta nimeiweka sikioni nikirudia, "Anasema amesikia. Anasema amesikia." Akashuka, akanishika mkono, akanionyesha waya. Walikuwa wameukata walipoanza kupaka rangi. Ulikuwa unaning'inia.

Nilitetemeka mpaka jioni, na chini ya sare nilikuwa nimevaa ile fulana ya HATUTIKISIKI.

Matroni wetu, ambaye hajawahi kuketi mbele ya mtu, alianza kusema niende nyumbani nikalale nirudi kesho. Halafu akavuta kiti akakaa. Akasema, "Mimi huwa najibu bafuni, maji yakiwa yanamwagika." Tukaangaliana. Mdogo wangu, kumbe tulikuwa wengi! Tulikuwa tunapishana kwenye korido miaka hii yote, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake anayeitwa.

Matroni alikwenda ofisini kwa wakubwa na kukataa kutoka mpaka walete daktari wa akili. Nami nikapewa likizo bila kuulizwa kama ni malaria. Sasa tunakutana chumba cha kufulia, kwa sababu kina joto na mlango wake ni mzito. Huyu daktari hana mpira. Kazi anayotupa ni moja. Unasema lile neno ulilompa ndugu wa marehemu, unalisema lote, halafu unamalizia, "Hilo nililisema mimi." Basi. Wiki ya kwanza hakuna aliyeweza kumalizia. Nami nilipomaliza la mapacha na baiskeli, mkono wangu wa kushoto ulilegea juu ya paja, na hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimeukunja muda wote.

Sasa nitakwambia ulilonikataza. Nimelibeba wiki tatu na linanikaba. Ukitaka usisome, kunja karatasi hapa.

Wengi walipokuwa na simu sikioni walikuwa hawasemi tena chochote. Wengine hata walikuwa hawasikii. Na ndugu anauliza, anasema nini? Mwanzoni nilijibu, "Anasema anakupenda," watu wakapiga mayowe yasiyokoma. Nikajifunza kusema kitu kidogo cha nyumbani. Dawa iko juu ya friji. Cherehani isiuzwe. Kitu kidogo watu wanakiamini, na kinawapa kazi ya kufanya kesho yake. Mengine niliyaokota kwenye maneno ya ndugu wenyewe wakiongea, mengine niliyatunga tu. Nilipofundisha wale manesi kwenye kompyuta niliwapa mifano. Taa ya uani iwashwe. Maua yamwagiliwe. Nilikuwa na mingine.

Mwezi huu amejiunga nasi nesi aliyehamia kutoka hospitali ya kwetu, ile aliyofia Baba. Zamu yake ilipofika akakunja mikono, akasema, "Mimi nilikuwa na sentensi moja tu, niliitumia kwa wote, nilikuwa nimechoka sana kutafuta nyingine. Nilikuwa nasema, anasema redio isizimwe." Halafu akaniangalia mimi. "Ulitufundisha wewe, dada."

Watu wote chumbani walikuwa wananingoja mimi nimalizie.

Neno la Baba ni langu. Nililisema mimi, mbele ya kompyuta, nikinywa chai, na likasafiri likaja kukaa chumbani kwenu. Sijui Baba alisema nini. Labda hakusema. Nisamehe, na kama huwezi, zima redio na usiniandikie, nitaelewa.

Dada yako, kwa mkono wangu


18 Agosti

Shikamoo Dada,

Sikuikunja karatasi. Nilisoma mpaka mwisho, nikarudi juu, nikasoma tena kuhakikisha mwandiko umesimama wima. Umesimama.

Dada, Baba hakuwahi kuwa na redio.

Ulikuwa umeshaukaribia ukweli nikakufungia mlango. Alikufa vilevile alivyokulea, hataki hata mluzi. Nesi aliposema redio isizimwe, nilijua hapohapo, simu ikiwa sikioni, kwamba hayo si ya Baba. Sauti yake yule nesi ilikuwa imechoka mpaka imekwisha. Nami sikuuliza swali lile ili nijue Baba amesema nini. Niliuliza kwa sababu nisingeuliza ningelazimika kukata simu. Nikamwambia, "Mwambie haitazimwa." Akasema asante. Nesi ndiye aliyesema asante.

Halafu wakamzika watu waliovaa plastiki, sisi tumesimama mbali barabarani. Sikushika jembe. Sikushika hata mchanga. Nilirudi nyumbani mikono yangu inaning'inia haina la kufanya, na agizo pekee lililokuwepo duniani lilikuwa hilo. Nikatoka kwenda kwa fundi wa kona nikanunua redio kuukuu. Kifuniko cha betri hakipo, nimekiziba kwa kipande cha kitambaa cha kochi. Wifi yako aliniona naingia nayo, akaniuliza ni ya nini, nikamwambia ni ya Baba. Hakuniuliza tena mpaka leo.

Kwa hiyo usiniombe msamaha. Ulikuwa mbali, umezuiwa kuja kumwona mzazi wako, unawashikia simu wazazi wa wengine, na bila kujua ukanipa na mimi kazi ya kufanya kesho yake. Nimeifanya. Niliogopa tu usije ukaniambia iishe, kwa sababu ikiisha nitabaki na Baba mwenyewe, kimya, na nilikuwa sijamlilia.

Sasa nimemlilia. Jana mchana niliingia, nikakaa kitandani kwake, nikaizima. Nilidhani nitasikia kule kupumua. Nilichosikia ni kufuli, mlio mmoja mdogo wa kufunguka, kama zamani alipokuwa akimaliza kazi ya mteja. Wifi yako anasema ni kwa jirani. Jirani hana kufuli, ana komeo la mti. Lakini sibishani naye.

Wiki ijayo napanda basi kuja huko. Nipeleke kwenye hicho chumba cha kufulia, niseme langu mbele yao, kama ndugu wa marehemu mnawaruhusu. Yule nesi wa kwetu mwambie asikimbie, nataka kumwamkia tu.

Na simu yako uidai kwa jirani. Siku utakayoweza kuishika, hata ikiwa mwakani, nipigie. Sitakuuliza mtu yeyote anasema nini. Nitakuuliza umeamkaje, na utanijibu wewe.

Mdogo wako

Wifi yako anasema, na yuko hapa mlangoni amebeba mtoto na anasema kwa mdomo wake mwenyewe, hebu njoo nyumbani upumzike, kochi la sebuleni limetiwa sponji mpya.